Wasomaji Wanauliza: Nani Alizichora Picha za Vita vya Sudani?

Katika toleo lililopita tulichapa picha ya Omdurman, mji ulio ng'ambo ya Nile kutoka Khartoum, iliyopigwa mwezi Septemba 1898, ikionyesha kuba la kaburi la Mahdi, kiongozi wa dini aliyewaongoza Wasudani kuupinga utawala wa Misri, likiwa limetobolewa na mizinga ya Waingereza. Tuliiwekea maelezo ya mistari miwili tu, na wasomaji kutoka pande zote za ziwa wametuandikia kutukumbusha kwamba mistari miwili haitoshi kwa jambo zito kama hilo. Tumechagua barua tano. Majibu ni ya mwalimu wetu wa historia, ambaye amestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusoma.

*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa baharia katika meli za ziwani, na alipofariki alituachia sanduku ambalo ndani yake mlikuwa na picha ya fremu inayoonyesha askari wa Kizungu wakipigana na watu weusi wenye mikuki. Babu alikuwa akituambia kwamba ni vita vya Wazungu na Wamasai, na kwamba aliinunua Mzungu mmoja alipokuwa akiuza vyombo vyake ili arudi kwao. Maneno ya chini yamekatwa kwa mkasi, yamebaki mawili tu: "Abu Klea". Naomba kujua kama picha hii ilipigwa kwa kamera, na kama inayoyaonyesha ni ya kweli. — M.K., Kirumba, Mwanza.

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nakushukuru kwa kuileta ofisini badala ya kututumia kwa simu, kwa sababu mambo niliyoyaona nilipoitoa kwenye fremu na kuiweka chini ya kioo cha kukuzia nisingeyaona kwa njia nyingine.

Hiyo si picha ya kamera. Ni ukurasa wa gazeti, na ushahidi wa kwanza uko nyuma yake, ambako kuna safu mbili za habari za Kiingereza na kipande cha tangazo la sabuni. Ushahidi wa pili uko mbele. Pitisha kioo polepole juu ya anga la picha, utaona kwamba kivuli chote kimefanywa kwa mistari myembamba iliyolala sambamba, kisha utakuta ufa mweupe, mwembamba kama unywele, ulioshuka wima kutoka juu hadi chini na kukata mguu wa ngamia mmoja. Ufa huo si kasoro ya karatasi. Magazeti ya picha ya London ya wakati huo, kama vile Illustrated London News na The Graphic, yalichapa picha zake kwa kuchonga kwenye vibao vya mti mgumu, na kwa kuwa mti wenyewe hauwi mnene, kibao kikubwa kiliundwa kwa vipande vidogo vilivyokazwa pamoja kwa parafujo. Picha ilipotakiwa haraka, vipande vilifunguliwa, kila mchongaji akapewa chake, wakachonga usiku kucha, kisha vikaunganishwa tena asubuhi. Pale walipokutana mchongaji mmoja na mwenzake, mara nyingine ulibaki mstari mweupe. Kwa hiyo ngamia wako alichongwa na watu wawili ambao huenda hawakuwahi kumwona ngamia isipokuwa katika bustani ya wanyama.

Abu Klea ni mahali penye visima katika jangwa la Bayuda, kaskazini mwa Khartoum. Tarehe 17 Januari 1885 kikosi cha Waingereza waliopanda ngamia, wapatao 1,400 na ushee, kilikuwa njiani kwenda kumwokoa Jenerali Gordon, Mwingereza aliyeishika Khartoum kwa niaba ya Misri na kuzingirwa humo, kikakutana hapo na jeshi la wafuasi wa Mahdi. Waingereza walijipanga kwa umbo la mraba, bunduki zikitazama pande zote nne. Mraba ulifunguka kwenye pembe ya nyuma upande wa kushoto, bombomu lao la aina ya Gardner likakwama, na Wasudani wakaingia ndani kwa mikuki na panga. Kwa dakika chache walikufa Waingereza zaidi ya 70, akiwemo Kanali Burnaby, aliyekuwa na sifa kubwa kwao, na Wasudani wapatao 1,100. Ukitazama hesabu hizo mbili utaelewa kwa nini picha za vita hivyo zilipendwa London: zilionyesha Waingereza wachache wakiwa hatarini, na maiti wengi walikuwa wa upande wa pili.

Umeuliza kama inayoyaonyesha ni ya kweli. Magazeti yalikuwa na wachoraji wao vitani, na kazi yao ilikuwa ya hatari ya kweli. Siku mbili tu baada ya Abu Klea, katika pigano la Abu Kru, waandishi wawili wa magazeti ya London waliuawa. Lakini mchoraji wa vitani alituma mchoro wa haraka wa kalamu ya risasi, ambao ulisafiri kwa ngamia, kwa boti na kwa meli kwa majuma kadhaa, na ulipofika London mchoraji mwingine aliuchora upya, akaongeza nyuso, misuli, vumbi na damu, ndipo ukaenda kwa wachongaji. Mikono mingi imepita hapo, na kila mmoja uliongeza kitu.

Nitakuonyesha kitu kimoja kilichoongezwa. Watu wenye mikuki katika picha yako wana nywele ndefu, nyingi, zilizosimama kichwani kama kichaka. Hizo ni nywele za Wahadendoa, watu wa vilima vya mashariki karibu na Bahari ya Shamu, waliopigana na Waingereza mwaka 1884 katika El Teb na Tamai chini ya Osman Digna, jemadari wa Mahdi. Waliokuwa Abu Klea kwa sehemu kubwa walitoka Kordofan na kando ya Nile Nyeupe, na wafuasi wa Mahdi wa huko kwa kawaida walinyoa vichwa. Mtu wa London alikwisha kuzoea kumtambua "Msudani" kwa nywele zile, basi akawapachika wote. Babu yako naye alipoona nywele na mikuki akadhani ni Wamasai, na simlaumu hata kidogo, kwa kuwa aliyechora hakumpa alama yoyote ya kweli ya kumwongoza.

Ihifadhi. Usiirudishe kwenye ile fremu yenye kadibodi, kwa sababu kadibodi hiyo ndiyo iliyoipaka madoa ya kahawia, na unyevu wa huku ziwani unayazidisha. Iweke bapa ndani ya karatasi nyeupe safi, mbali na ukuta, na usiibandike kwa selotepu hata pale ilipochanika. Wala usiikate tena. Yale maneno yaliyokwenda na mkasi yangetuambia tarehe ya gazeti.

*

SWALI: Mwalimu, nafundisha historia kidato cha pili. Katika kitabu kimoja cha zamani tunachokitumia kuna picha ya Gordon amesimama juu ya ngazi huku Wasudani wakimpandia na mikuki. Wanafunzi wangu wameniuliza nani alikuwepo akaichora, nikakosa jibu. — Mwalimu wa sekondari, Magu.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wako wameuliza swali ambalo Uingereza nzima ilipaswa kuliuliza. Mchoro huo ni wa George William Joy, aliuchora mwaka 1893, miaka minane baada ya Gordon kufa, na leo uko katika jumba la sanaa la mji wa Leeds. Joy hakuwepo Khartoum, wala hakuwepo mchoraji mwingine yeyote wa Kizungu.

Yanayojulikana kwa hakika ni haya. Jeshi la Mahdi liliingia Khartoum alfajiri ya tarehe 26 Januari 1885, Gordon akauawa asubuhi hiyo, na kichwa chake kikapelekwa kambini kwa Mahdi, ambako mateka wa Kiaustria, Rudolf Slatin, alionyeshwa. Boti za waokoaji zilifika siku mbili baadaye. Kuhusu dakika zake za mwisho, walionusurika walipishana: wengine walisema alisimama kimya akingoja, wengine wakasema alipigana kwa bastola na upanga hadi akaanguka. Joy alichagua simulizi la kwanza, akamweka juu kabisa, ametulia na mnyoofu, na waliomjia akawaweka chini yake, wameinama kwa mashaka kana kwamba wameingia mahali patakatifu. Waingereza waliipenda sana picha hiyo, ikachapwa na kuchapwa tena, na jeshi la Waingereza na Wamisri chini ya Jenerali Kitchener lilipopanda mto kuelekea Omdurman mwaka 1898, wengi nyumbani Uingereza waliona kwamba linakwenda kulipa kisasi cha yule mtu wa kwenye ngazi.

Kinachonisumbua mimi ni kile ambacho ngazi ile imekifunika. Asubuhi hiyohiyo waliuawa maelfu ya askari na wakazi wa Khartoum, Wamisri na Wasudani, ambao walikuwa wamevumilia njaa kwa miezi pamoja na Gordon. Hakuna aliyewachora. Darasani nakushauri uanze na picha yenyewe bila kusema neno: waambie wanafunzi wahesabu watu walioko ndani yake, kisha waandike ni wangapi kati yao wana sura inayotambulika, na ni wangapi wana mgongo na mkuki tu. Wakimaliza, waambie mwaka ilipochorwa. Usiitoe kitabuni, kwa kuwa ni hati nzuri ya kueleza mawazo ya Waingereza wa 1893. Haifai tu kuwa hati ya kueleza Khartoum ya 1885.

*

SWALI: Je, kulikuwa na picha za kamera katika vita vya Waingereza upande huo wa Afrika kabla ya Omdurman? Na kwa nini karibu zote zinaonyesha watu wamesimama tu, hakuna anayepigana? — Mwanafunzi, Nyegezi.

JIBU: Zilikuwepo, na za mwanzo zinazojulikana sana ni za Uhabeshi mwaka 1868, Jenerali Napier alipopanda milima hadi ngome ya Magdala kuwakomboa mateka wa Kizungu waliokuwa wameshikwa na Mfalme Tewodros wa Pili. Wahandisi wa jeshi walikwenda na kamera. Wakati huo bamba la kioo lilipakwa dawa papo hapo, likawekwa kwenye kamera likiwa bichi, na likasafishwa kabla halijakauka, kazi yote ikifanyika ndani ya hema la giza. Huwezi kufanya hivyo risasi zikilia. Kwa hiyo wapiga picha walipiga kambi, milango ya ngome, maofisa waliokaa kwenye viti na mateka waliokwisha kukombolewa. Mabamba makavu yaliyotangulia kutayarishwa kiwandani yalienea miaka ya 1880, kamera ndogo ya filamu ya kuviringisha ikaja mwaka 1888, na ndiyo maana kule Omdurman maofisa kadhaa walikuwa na kamera zao begani. Mmoja wa wachoraji wa magazeti, Frederic Villiers, alipeleka hata kamera ya sinema, akaitega juu ya boti ya mizinga. Kwa simulizi lake mwenyewe, boti ilipofyatua mizinga sitaha ilitikisika, kamera ikaanguka, filamu ikaungua kwa mwanga.

Katika picha zote zinazohusu Magdala, moja haikupigwa Uhabeshi, nayo ndiyo ninayoirudia. Tewodros alijiua tarehe 13 Aprili 1868 askari walipoingia ngomeni. Mwanawe Alemayehu, mtoto wa miaka saba, alichukuliwa hadi Uingereza, na mwaka huohuo mpiga picha mashuhuri Julia Margaret Cameron akampiga picha katika kisiwa cha Wight, akiwa amevishwa mavazi ya kwao. Mama yake alikuwa amefariki safarini kabla hawajatoka Uhabeshi. Tazama macho ya mtoto yule. Alikufa mwaka 1879 akiwa na miaka 18 na akazikwa Windsor, na Waethiopia wameomba mara kadhaa mabaki yake yarudishwe.

*

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzee wa miaka sabini na mitatu. Nyumbani kwetu tunaambiwa kwamba babu wa baba yangu alikuwa "Msudani", askari wa Mjerumani, na kwamba alifika hapa akitokea Misri. Watoto wananicheka. Je, inawezekana? Na je, katika picha hizo za Sudani anaweza kuwemo mtu kama yeye? — Mzee wa Bukoba.

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Watoto wasikucheke, kwa sababu inawezekana kabisa, na barua yako ndiyo iliyonikalisha usiku kuliko zote.

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa na serikali ya Ujerumani kuzima upinzani wa Abushiri huko pwani. Alipitia Cairo, akaajiri Wasudani wapatao 600, wengi wao askari waliokuwa wametumikia jeshi la Misri na kubaki bila kazi baada ya Mahdi kuiteka Sudani. Hao ndio walikuwa uti wa mgongo wa jeshi la kwanza la Wajerumani katika nchi yetu. Mwaka uliofuata Emin Pasha, ambaye zamani alikuwa gavana wa Misri katika jimbo la Ikweta na alikatiwa njia na vita vya Mahdi, alikuja ziwani akiwa mtumishi wa Wajerumani, na mwezi Novemba 1890 akaanzisha boma la Bukoba, mji wako. Na upande wa kaskazini, Kapteni Lugard wa Uingereza aliwachukua mwaka 1891 askari Wasudani walioachwa na Emin karibu na Ziwa Albert, akawapeleka Uganda. Wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera hadi leo.

Ukitaka ushahidi ambao hakuna mtoto wa kuucheka, msikilize polisi yeyote akimwita mkubwa wake. Neno "afande" limetoka katika "efendi" la jeshi la Kituruki na Kimisri, na waliolileta katika kambi za huku ni askari hao. Vyeo vya askari wa Mjerumani, ombasha na shaushi, vilitoka kulekule.

Sasa swali lako la pili. Iko picha moja iliyopigwa baada ya vita vya Atbara, vya tarehe 8 Aprili 1898. Inamwonyesha Amiri Mahmud wad Ahmad, jemadari wa Khalifa Abdullahi, mrithi wa Mahdi, siku alipotekwa. Amesimama wima, amevaa juba la wafuasi wa Mahdi lenye viraka vilivyoshonwa kwa mpango, ambavyo vilikuwa alama ya kuukataa utajiri wa dunia. Katika picha za namna hiyo Waingereza humtazama mateka, na sisi tukizitazama tunafuata macho yao. Mimi nakuomba uwatazame walinzi wake. Ni askari wa kikosi cha kumi cha Wasudani katika jeshi la Misri, ambao ndio waliomkamata, na kwa sura, kwa rangi na kwa asili wangeweza kuwa ndugu wa mateka wao. Wengi katika vikosi hivyo walianza wakiwa watumwa walioingizwa jeshini, na wengine waliwahi kupigana upande wa Mahdi kabla ya kutekwa na kuvishwa sare ya upande wa pili. Babu wa baba yako alikuwa mtu wa kundi hilo, wale ambao vita viliwazungusha kutoka bendera moja hadi nyingine.

Tazama pia ambavyo havikuchorwa. Kule Omdurman, tarehe 2 Septemba 1898, askari wa farasi wa Kiingereza, kikosi cha 21, walifanya shambulio la dakika chache ambalo halikubadilisha mwisho wa vita, wakapoteza watu 21. Winston Churchill, kijana wakati huo, alikuwa miongoni mwao. Shambulio hilo limechorwa mara nyingi mno. Saa hizohizo, brigedi ya MacDonald katika jeshi la Kitchener, ambayo vikosi vyake vitatu kati ya vinne vilikuwa vya Wasudani, ilisimama peke yake na kurudisha nyuma mashambulizi mawili makubwa ya jeshi la Khalifa, na pigano hilo lilikuwa zito kuliko lile la farasi. Wachoraji waliona farasi wanapendeza zaidi. Kama una kitu chochote cha babu huyo, hata kifungo cha sare au jina la kikosi lililosemwa na bibi, kiandike leo, Mzee wangu, wewe mwenyewe kwa mkono wako, kwa sababu picha zilizopo hazina jina lake.

*

SWALI: Shule ya mwanangu imeandaa maonyesho ya historia, na ukutani wameweka picha ya maiti wa Khalifa wa Sudani na wenzake, wamelala chini, askari wamewasimamia. Mwanangu wa miaka kumi amekosa usingizi. Nimelalamika nikaambiwa historia haifichwi. Mwalimu unasemaje? — Mama wa watoto watatu, Musoma.

JIBU: Nasema mama una haki, na waliokujibu nao wana nusu ya haki. Picha hiyo ilipigwa baada ya vita vya Umm Diwaykarat, tarehe 24 Novemba 1899, na haikupigwa kwa ajili ya kufundisha watoto. Ilipigwa ili ithibitishwe Cairo na London kwamba Khalifa Abdullahi amekufa kweli. Wenye jeshi lililomwua walikuwa tayari, mwaka mmoja nyuma, wamelipua kaburi la Mahdi baada ya kulipiga mizinga, wakafukua mifupa yake na kuitupa katika Nile, tendo ambalo hata kule Uingereza liliwatia wengi aibu. Kaburi lilijengwa upya mwaka 1947. Kule Omdurman peke yake waliuawa Wasudani wapatao 11,000 kwa nusu siku, na upande wa Kitchener hawakufika hata 50. Watu hao wana wajukuu, na wajukuu wao wanaziona picha hizi.

Lakini ukimsoma vizuri, maiti yule anasema jambo ambalo mpiga picha hakukusudia kulisema. Khalifa alipoona vita vimemshinda hakukimbia. Aliketi juu ya ngozi ya kondoo, wakuu wake wakaketi kuume na kushoto kwake, wakangoja risasi. Walivyoanguka ndivyo walivyokutwa.

Ningekuwa mkuu wa shule hiyo, ningeitoa picha kwenye ukuta wa njia ambayo watoto wadogo wanapita, nikaiweka kwenye bahasha kwa mwalimu wa historia ili waione wanafunzi wakubwa, wakiwa wamekaa na wamekwisha kuelezwa. Na pale chini, ambapo pengine pameandikwa "maiti wa wafuasi wa Mahdi", ningeandika majina: Khalifa Abdullahi, Ali wad Hilu aliyeketi ubavuni mwake, na Ahmad Fadil, jemadari wake. Mpelekee mkuu wa shule majina hayo matatu, mama, umwombe ayaandike kwa kalamu ya wino.